Namba za Ijumaa

Nilifanya kazi miaka kumi na tisa katika Ofisi ya Maadili ya chuo chetu, na kwa miaka yote hiyo sikumfukuza mwanafunzi hata mmoja. Mimi nilikuwa natoa kadi tu. Nilijiambia hivyo kila jioni nikivua viatu, na kwa muda mrefu nilijiamini.

Kila gari lililoegeshwa chuoni, hata la waliokuja kanisani Jumapili tu, lilikuwa na stika, na kila stika ilikuwa na kadi yake. Kadi zote, elfu sita na ushee, zilikaa kwenye droo kumi na mbili za chuma nyuma ya kiti changu, zimepangwa kwa namba ya gari. Ukinipa namba, kabla hujamaliza kupiga chafya nimeshakupa jina la mwenye gari, chumba chake, kata yake ya kanisa na anwani ya baba yake. Nilikuwa najivunia sana droo zile. Mtu lazima ajivunie kitu, na sisi Wamormoni hata kahawa tumekatazwa.

Kazi nyingine za ofisi hazikuwa na uzito. Tulipima sketi. Tuliwaita vijana waliofuga ndevu na kuwarudisha wakanyoe. Benchi waliloketi kusubiri karipio lilikuwa chini kabisa ya picha ya mwanzilishi wa chuo, mzee wa heshima zake, ndevu zimemshuka hadi kifungo cha tatu cha koti. Hakuna aliyewahi kucheka. Mimi nilicheka mara moja, mwaka wa sabini na moja, nikasingizia kikohozi.

Lakini Jumatatu zilikuwa siku za namba. Ijumaa jioni walinzi wetu walikuwa wanaendesha gari saa nzima kwenda Salt Lake, ambako kulikuwa na baa ya wanaume wanaopenda wanaume wenzao. Walikaa ndani ya gari lao, wakaandika namba za magari yote yenye stika yetu yaliyoegeshwa pale, na Jumatatu wakaniletea. Natoa kadi, napiga taipu orodha, nampelekea Ndugu Orval Pickett, Mkuu wa Maadili. Yeye alikuwa anamwita kijana na kumpa machaguo mawili. La kwanza, aondoke siku hiyohiyo bila cheti, na barua imtangulie kwa baba yake na kwa askofu wa kwao. La pili, akubali tiba. Tiba ilitolewa kwenye chumba cha chini katika jengo la saikolojia. Walimfunga nyaya mkononi, wakamwonyesha picha, na kila picha ya mwanaume ilikuja na umeme. Ofisini hatukuliita jambo hilo kwa jina. Tulisema "wale wenye tatizo," kwa sauti ileile tuliyotumia kumsema shangazi aliyeolewa na Mkatoliki.

Jumatatu ninayoisimulia ilikuwa mwezi wa tatu mwaka 1976, wiki nne kabla ya mahafali. Ndugu Kimber, mlinzi wetu mkubwa, aliweka karatasi mezani kwangu na kusema, "Kumi na nne, Dada Tolman. Haijawahi kutokea. Dunia inakwisha."

"Ikiisha utaniambia. Nina faili za kumaliza."

Nikaanza kuisoma ile karatasi kutoka juu. Namba ya nne sikuhitaji kuitafutia kadi. Ilikuwa ya gari langu.

Ijumaa ile sikutoka nyumbani. Nilikuwa jikoni natengeneza jeli ya kijani yenye karoti kwa ajili ya mazishi ya Jumamosi. Gari nilikuwa nimemwazima Thayne Budge, mpangaji wangu wa chumba cha chini, aliyeniambia anakwenda mjini kusikiliza kwaya.

Thayne lazima nimweleze kidogo. Alikuwa mtoto wa mkulima wa viazi wa Idaho, na baba yake alikuwa ndiye askofu wa kata yao, maana kwetu hata mkulima mwenye mke na watoto huwa askofu. Kati ya watoto tisa, yeye ndiye wa kwanza kukaribia cheti cha chuo, na mama yake alikuwa ameshajishonea gauni la mahafali. Alisomea mambo ya maziwa, na jioni alitengeneza aiskrimu kwenye kiwanda kidogo cha chuo. Tena alikuwa mkweli kupita kiasi. Siku moja polisi alimsimamisha kwa mwendo kasi, akamwambia alikuwa anakwenda maili sitini na mbili kwa saa. Thayne akamsahihisha: sitini na nane. Huyo ndiye aliyenidanganya kuhusu kwaya, na hapo nikajua jambo lilikuwa zito kwake.

Nikakaa nikitazama ile namba yangu. Nilipopata nguvu nikaendelea, kwa mazoea tu. Namba ya tano, nikatoa kadi: LaRue Pickett, mke wa Mkuu wa Maadili. Ya sita: mke wa rais wa kigingi chetu, yaani kiongozi wa kata kumi za kanisa. Ya saba: Dada Ashworth, mjane wa miaka themanini na moja, ambaye hata ngazi mbili tunamshika mkono.

"Ndugu Kimber," nikasema, "Ijumaa mlikaa wapi hasa?"

"Ng'ambo ya barabara, kama kawaida."

"Na hawa watu mliwaona wakiingia mlango upi?"

Akajinyoosha. "Dada Tolman, mimi nina mke na watoto sita. Siwezi kukaa nikitumbulia macho mlango wa baa. Naandika namba, nainamisha kichwa."

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa ucha Mungu wa Ndugu Kimber. Kwenye uwanja uleule wa magari kulikuwa na mlango wa pili, wa duka la mzee mmoja wa Kidenmaki anayeuza mashine za kusagia ngano. Kila nyumba yetu inaweka akiba ya chakula cha mwaka mzima, na akiba yenyewe ni ngano, madebe na madebe, na ngano bila mashine ni chakula cha kuku. Ijumaa ile mzee alikuwa amepunguza bei, na akina mama wa kanisa walikuwa wametangaziana wiki mbili nzima. Mimi sikwenda. Nitawaambia siri: ngano yangu ilikaa chini ya kitanda tangu mume wangu angali hai, na unga nilinunua dukani, nikauhamishia kwenye debe ili wageni wasijue.

"Orodha naitaka kesho saa nne, kabla Mkuu hajaanza kikao," akasema Kimber, akaenda zake.

Mchana nilirudi nyumbani. Thayne alikuwa mezani anakula mkate na maziwa.

"Kwaya iliimba nini Ijumaa?" nikamuuliza.

Akaacha kutafuna.

"Sauti ya pili walikuwaje? Mara ya mwisho walikuwa wanaburuta."

"Dada Tolman."

"Namba ya gari langu iko mezani kwangu, Thayne. Imeletwa na walinzi."

Akasukuma sahani taratibu. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko yale maziwa. "Nilikwenda kumwona mtu," akasema.

"Ana jina huyo mtu?"

"Niles. Anafundisha watoto kuogelea."

"Ni mtu mwema?"

"Sana."

"Anakula vizuri?"

Akanitazama asijue acheke au alie. "Kiasi. Anaunguza mayai."

Sikuwa mwanamke shujaa wala mwenye mawazo mapya. Nilikuwa nimefundishwa kwamba jambo lile ni dhambi, na nilikuwa nimeamini bila kusumbuka, kwa sababu halikunihusu. Ingawa ukweli ni kwamba tulikuwa watu wa ajabu. Tunawapeleka vijana wetu misheni wawili wawili, miaka miwili, chumba kimoja, marufuku kuachana hata dakika moja, kisha wakirudi wengine wamependana tunashangaa. Mchana ule sikufikiri chochote cha busara. Nilimwona tu mvulana aliyekuwa akinifungulia makopo kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vinauma, na niliogopa.

"Kesho saa nne nitakwenda kwa Ndugu Pickett," akasema. "Nitamwambia ni mimi niliyekuwa na gari. Siwezi kukuacha uaibike kwa ajili yangu."

"Utakwenda kusema nini?"

"Ukweli."

"Wote?"

"Akiuliza."

"Wewe huwa hungoji kuulizwa, Thayne. Ulimwongezea polisi maili sita."

"Zilikuwa sitini na nane," akasema, na machozi yakamtoka.

Nilimwambia aende kazini, tutaongea. Akasema ameshaamua. Nikarudi ofisini nikiwa sijui la kufanya, na nilichokiona njia nzima ni lile gauni la mama yake limetundikwa Idaho.

Saa kumi na moja nilikuwa nimerudi nyumbani LaRue Pickett alipogonga mlango wa jikoni. Nilikuwa namfahamu kama mnavyomfahamu mke wa bosi: kwa sahani zake. Alibeba mkate wa moto kwapani na sanduku kubwa mikononi. Akaliweka sanduku mezani.

"Kimber hana kifua," akasema. "Amemwambia mkewe, mkewe kamwambia dada yake, na mimi nimesikia nikiwa kwa msusi. Eti namba kumi na nne. Magari yetu yalikuwa manane, Verla. Na wewe hukuja."

"Sikuja."

"Lakini gari lako lilikuja."

Nikajitia kukata mkate.

"Nilimwona kijana wako," akasema LaRue. "Nilikuwa nahangaika na masanduku mawili, akaja mbio, 'Niachie mimi, Dada Pickett.' Akanipakilia yote mawili, akafunga mlango, akaniambia niendeshe polepole kuna barafu. Kisha akageuka akaingia mlango ule mwingine."

Kisu kilisimama. "Alijua wewe ni nani?"

"Ameniita kwa jina, Verla. Kijana hana akili ya maficho hata punje."

Ningecheka kama siku ingekuwa nyingine. "Utamwambia Orval?" nikauliza.

Akavuta kiti, akakaa, akavua glavu. "Reed Sessions unamkumbuka?"

Nilimkumbuka. Miaka miwili kabla, gari la bluu, droo ya tisa. Mpiga piano.

"Mtoto wa dada yangu," akasema. "Orval hakukuambia, maana alitaka ionekane hana upendeleo. Reed alichagua tiba ili asikose cheti. Miezi minne. Alikuja kula kwetu Jumapili na mashati ya mikono mirefu, mwezi wa saba, jua kali. Nilimwuliza kwa nini hasogei pianoni. Akasema vidole vinaruka vyenyewe. Cheti alipata, akaondoka siku ileile, na dada yangu hajui aliko." Akanitazama. "Kadi yake ulitoa wewe."

"Nilikuwa natafuta namba tu, LaRue. Sikuwa natafuta mtu."

"Najua. Na mimi nilikuwa napika tu chakula cha jioni, Orval akiwa anasoma orodha zako mezani. Hatukumtafuta mtu sote wawili."

Nilitamani anitukane. Angenitukana ningekuwa na la kujibu. Nilikaa pale na kisu changu, aibu imenipanda hadi masikioni, na yeye akaanza kufungua sanduku kana kwamba tumeongea habari za hali ya hewa. Ndani kulikuwa na mashine ya kusagia, ya mawe, ya umeme, nzito kama mtoto wa miaka miwili.

"Nilinunua mbili, moja ya binti yangu," akasema. "Binti yangu anaweza kungoja. Hii ni yako. Ngano unayo?"

"Chini ya kitanda."

"Tangu lini?"

"Usiniulize."

"Verla Tolman," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. "Unga wako ni wa dukani. Miaka yote hii, mikate yako kanisani, nilikuwa nashangaa ulaini ule."

Tukavuta debe chini ya kitanda, wazee wawili tumepiga magoti. Tukasaga. Mashine ilipiga kelele nyumba nzima, na unga ukatujaa nywele. Thayne aliporudi alitukuta hivyo. Alipomwona LaRue alisimama mlangoni mikono imening'inia, anangoja hukumu.

LaRue akajipangusa. "Ndugu Budge, asante kwa masanduku yale."

"Dada Pickett, kuhusu Ijumaa, mimi nataka kusema kwamba—"

"Hutaki," akasema LaRue. "Njoo usage. Sisi mikono imekufa kwa kumimina ngano."

Alisaga. Lakini kabla ya kwenda kulala aliniambia tena, kwa upole uleule, kwamba kesho saa nne atakuwa ofisini. Sikuweza kumgeuza. Nikamwambia, "Basi kama lazima uje, usije mikono mitupu. Niletee ndoo ya aiskrimu ya wolnati, ile yenye njugu. Nitaihitaji." Hilo alikubali, kwa sababu ni agizo, na maagizo alikuwa anatii.

Saa nne kasoro dakika tano nilimpelekea Ndugu Pickett orodha. Nilikuwa nimeipiga taipu safi, majina yote kumi na manne, bila kuacha hata moja. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusafisha miwani anapotaka kumuumiza mtu. Alisoma majina matatu ya kwanza akitikisa kichwa. Akafika la nne.

"Dada Tolman. Hili ni gari lako."

"Ndiyo, Ndugu Pickett."

"Na hili..." Akavua miwani, akaivaa. "Hili ni letu."

"La familia, ndiyo. Lile refu."

Akaendelea kusoma orodha. Nikaona midomo yake inasoma: mke wa rais wa kigingi, Dada Ashworth, mwongoza kwaya wa kata yetu.

"Utaratibu unasema wote waitwe mmoja mmoja," nikasema. Daftari la miadi nilikuwa nimelishika. "Nikupangie kuanzia saa ngapi? Dada Ashworth hawezi ngazi, labda umfuate nyumbani. Mke wa rais wa kigingi sijui nimwandikie barua au umwite mwenyewe kwa simu. Na kuhusu Dada Pickett, sikujua kama tutume barua kwa baba yake. Yuko hai bado?"

"Dada Tolman, unajua kabisa walikwenda kununua mashine."

"Mimi napewa namba, Ndugu Pickett. Habari za milango hazimo."

Mtu mpole akiona haya husikitisha, na nilimhurumia kidogo, lakini si sana. "Na wewe?" akauliza. "Na wewe ulinunua?"

"Mashine iko jikoni kwangu. Jana tumesaga hadi nywele zikawa nyeupe. Karibu uje uione."

Kila neno lilikuwa kweli.

Alianza kuhesabu na kalamu. "LaRue aliniambia magari yao yalikuwa manane. Hapa kuna kumi na nne." Akainua simu. Nilisimama palepale, daftari kifuani, nikasikiliza upande mmoja.

"LaRue, ni mimi... Ijumaa, pale dukani. Verla alikuwa na mashine?... Uliipakia wewe mwenyewe?... Hapana, sikushuku mtu... Na hayo magari mengine matano, ya nani?... Najua hukuwa unahesabu magari ya watu... LaRue, hiyo si... Reed hahusiki hapa..."

Alisikiliza muda mrefu, amefumba macho. Alipoweka simu chini mkono wake ulibaki juu yake.

Nilijua anachopima. Angewaita wale watano pekee, mmoja wao angeuliza kwa nini wengine tisa hawakuitwa, na jina la mkewe lingezunguka bonde zima kabla ya Jumapili. Angewaita wote, lingezunguka kabla ya chakula cha mchana. Akaikunja orodha mara nne, akaitia kwenye kikapu cha taka. Halafu akaitoa, akaichana, akairudisha.

"Kimber ni mjinga," akasema.

"Ni mcha Mungu," nikasema. "Hakutaka kutazama mlango."

"Kuanzia Ijumaa ijayo atavuka barabara na kutazama. Mwambie ni amri yangu."

Nilifungua mlango nitoke, na Thayne alikuwa pale koridoni, chini ya picha ya mwenye ndevu, amevaa tai ya misheni, ameshika ndoo ya aiskrimu. Akainuka. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka kwenye maji baridi.

"Ndugu Pickett, nimekuja kukuambia kuhusu Ijumaa."

Ndugu Pickett akainua mkono. Sijawahi kuuona uso wake umechoka vile. "Kijana, leo sitaki kulisikia neno Ijumaa. Kutoka kwako, kutoka kwa mke wangu, kutoka kwa mtu yeyote. Hicho ulichobeba ni nini?"

Thayne akanitazama. Ukweli wote ulikuwa umemjaa mdomoni, ila swali aliloulizwa lilikuwa jingine.

"Aiskrimu," akasema. "Ya wolnati. Ameagiza Dada Tolman."

"Umetengeneza wewe?"

"Ndiyo, bwana."

Nilileta vijiko. Tulikula tumesimama, sisi watatu. Ndugu Pickett aliongeza mara mbili. Mwishoni akamshika Thayne begani na kumuuliza, kwa masikitiko ya kweli, "Ukishaondoka mwezi wa nne, nani atatutengenezea hii?"

Thayne alipata cheti chake. Mama yake alikuja na gauni la rangi ya peasi lililombana mabegani, akalia kuanzia wimbo wa kwanza hadi maegeshoni. Ndugu Pickett alimpa mkono kijana jukwaani na kutabasamu. Niles hakuhudhuria, ila wiki iliyofuata Thayne alipakia mizigo yake kwenda Seattle, na kwenye kiti cha mbele nikaona kikaangio kipya cha mayai. Nilimpa mkate, wa unga niliousaga mwenyewe, mgumu ajabu. Aliniambia ni mtamu. Hilo ni la pili alilonidanganya.

Lakini nimeruka jambo moja, nalo ndilo lililoniweka kazini miezi mingine kabla sijaacha. Siku ileile ya aiskrimu, baada ya kumfikishia Kimber amri ya kuvuka barabara, nilirudi kwenye kiti changu nikazitazama droo zangu kumi na mbili. Nikavuta ya kwanza. Nikaanza kuzipanga upya.

Kazi ile ilinichukua wiki tatu. Ndugu Pickett alipouliza ninafanya nini, nilimwambia naweka mambo kwa mpangilio, kwa herufi, kama maktaba, akanisifu. Nilitoa kila kadi mahali pake pa namba nikaiweka kwa jina la ukoo: Abbott, Adair, Allred, mpaka mwisho. Zilipendeza. Katika wiki ya tatu Kimber akaja na karatasi yenye namba nne, kifua mbele, maana safari hii alikuwa ameutazama mlango wenyewe.

"Nitafutie hawa, Dada Tolman."

"Niambie ni akina nani."

"Si ndiyo nakuuliza wewe? Namba hizo hapo."

"Kadi sasa zimekaa kwa majina. Ukinitajia mtu, nakupa namba yake sasa hivi. Ukiwa na namba tu, hakuna ninachoweza."

Akazitazama droo, zote kumi na mbili. "Ziko elfu sita," akasema.

"Na ushee. Kiti kile pale, Ndugu Kimber. Karibu uanze na Abbott."

Alianza. Aliacha kabla hajamaliza herufi B, akasema mgongo unamuuma, na karatasi yake ikabaki mezani kwangu mpaka nikaiwekea sufuria ya maua. Baadaye ofisi ilileta mashine za kompyuta na kazi ikarudi palepale, nisijidai kwamba niliizuia. Niliichelewesha.

Kadi moja sikuirudisha. Nilipofika kwenye S nilimkuta Reed Sessions, gari la bluu, na mwandiko wangu mwenyewe pembeni, tarehe niliyoitoa. Nilikuwa nimeandika kwa herufi nzuri, nimepiga mstari kwa rula. Niliitia kwenye mkoba wangu. Ilimchukua LaRue miaka sita kupata anwani yake, mji fulani wa pwani huko Oregon, na nilimwandikia barua. Nilimwambia mimi ni nani, na kwamba nilikuwa natafuta namba tu, kisha nikaifuta sentensi hiyo, nikaandika upya kwamba mimi ndiye niliyelitoa jina lake. Nikamwekea na kadi yake ndani ya bahasha, ili isikae kwa mtu mwingine tena.

Hakujibu. Ningekuwa yeye, nisingejibu pia.